Kriketi ya Watu Wawili

Tulipokuwa wadogo, Kimisagara nzima, mtaa wetu wa mlimani, haikuwa na sehemu tambarare ya kutosha kuweka sufuria bila kuitegesha kwa jiwe upande mmoja. Wenzangu mliokulia kule mnajua. Nyumba zilibanana kwenye mteremko kama abiria wa stendi ya Nyabugogo siku ya mkesha wa sikukuu, na ukimwaga maji mlangoni kwako, jirani wa chini ndiye aliyekutangazia kama yalikuwa ya kuoshea mchele au ya kufulia. Chochote cha mviringo kilikuwa na mwisho mmoja. Chungwa, gurudumu, kifuniko, mpira: vyote viliteremka, vikapita mbele ya mlango wa Mama Zuberi, vikatumbukia kwenye ruhurura, ule mfereji mkubwa wa maji ya mvua, na kutoka hapo vikaelekea Nyabugogo bila kulipa nauli.

Mahali hapo ndipo mdogo wangu Sauda alipojifunza kriketi. Nawaandikia ninyi wa rika langu, kwa sababu watoto wa leo nikiwasimulia wananiangalia kama ninataka kuwauzia kitu.

Sauda amestaafu mwaka huu. Alicheza kriketi ya kulipwa huko nje kwa miaka mingi, akipiga, akirusha na kudaka, wale wanaoitwa wachezaji wa pande zote. Magazeti ya hapa yalimwandika mara mbili. Nilihesabu, kisha nikahesabu tena nikidhani nimeruka moja. Zilikuwa mbili tu. Aliponipigia simu kusema kwamba mwili umekataa na anakuja nyumbani, nilikuwa na swali moja ambalo sikuthubutu kulitamka: anakuja kutembea, au anakuja kukaa? Nitawaeleza lilivyojibiwa. Lakini kwanza mjue kwa nini mimi, mwanamke mwenye duka la vifungo na zipu, mwenye akili zangu timamu, nilianza kupaka rangi chumba cha nyuma kabla ya kuambiwa lolote.

Kriketi ililetwa nyumbani kwetu na Mjomba Sefu, mdogo wake mama, aliyelelewa Kampala na kurudi wakati ule watu walipokuwa wanarudi kwa wingi kutoka uhamishoni. Wengine walirudi na ng'ombe, wengine na vyeti. Mjomba alirudi na redio isiyoshika stesheni yoyote na kibao cha kriketi kilichopasuka mpini. Alitufundisha Jumapili mbili. Kabla ya Jumapili ya tatu alipata kazi ya kuendesha lori la Mombasa, na elimu yetu ikaishia hapo.

Kwa hiyo tulikuwa na nusu ya sheria. Tulijua kwamba anayerusha hatakiwi kukunja kiwiko. Tulijua kwamba mpira ukigonga vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji, mpigaji ametoka, na ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, ametoka pia. Vijiti hatukuwa navyo, tulikuwa na jerikeni la njano. Ambacho Mjomba hakutuambia, sijui alisahau au aliona tutachanganyikiwa, ni kwamba mrushaji hurusha mipira sita, halafu humwachia mwenzake. Sisi tuliamini mrushaji anarusha mpaka mpigaji atoke. Asipotoka, mnaendelea. Kuna siku Sauda alinirushia kuanzia tulipotoka madrasa mpaka adhana ya magharibi, na mimi nimesimama palepale kama mlingoti wa umeme, hakuna aliyetaka kushindwa.

Mtauliza kwa nini kriketi. Mpira wa miguu ulikuwa wa wavulana, nao walikuwa wengi na hawakuwa na upungufu wa watu hata wahitaji wasichana. Kriketi hakuna aliyeitaka. Mimi tangu utotoni nina udhaifu kwa kitu kisicho na mnunuzi mwingine. Kinapatikana kwa urahisi. Tatizo lilikuwa kwamba timu ni watu kumi na mmoja, na timu pinzani wengine kumi na mmoja, na sisi tulikuwa wawili. Kila jioni nilituhesabu upya, labda kuna aliyeongezeka. Hakuna.

Basi mmoja anapiga, mwingine anarusha. Aliyerusha ndiye mdakaji, ndiye mlinzi, ndiye mwamuzi, ndiye anayekimbilia mpira. Wazungu wana jina la heshima la mchezaji wa namna hiyo na wanamlipa zaidi. Sisi tuliita kukosa watu.

Mpira wa kwanza, ule wa Mjomba, ulichukuliwa na mvua ya kwanza. Uliofuata alitushonea mama. Mama alikuwa fundi cherehani, na chini ya meza yake kulikuwa na mfuko wa mabaki ya bitana ambayo hakuwahi kutupa hata uzi. Aliyaviringisha, akayakaza kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, akafunika kwa kitambaa cha suruali na kushona kwa mkono. Mshono ulisimama kama kovu. Mpira ukianguka kwa mshono, ulikwenda unakotaka wenyewe. Mimi jambo hilo lilinikera. Sauda alikaa mlangoni jioni nzima akiuzungusha mpira mkononi, akautazama mshono, akaurusha ukutani, akautazama tena. Baada ya mwezi alikuwa anauambia mshono pa kuangukia. Mkono wake ulipotaka kujikunja, alichukua rula ya mbao ya mama, ile ya kupimia suruali, akaifunga kwenye kiwiko kwa utepe na kurusha nayo. Mama akiitafuta rula anapiga kelele mtaa mzima: "Nani amenichukulia yadi yangu?" Na mtoto amesimama mbele yake, mkono umenyooka kama askari wa gwaride.

Sheria kubwa kuliko zote tuliitunga wenyewe: ni marufuku kupiga upande wa bondeni. Ukipiga juu, kuelekea nyumba za mlimani, mpira unapanda, unachoka, unakurudia kama mbuzi anayejua kwao. Ukipiga chini, umeupoteza, na mama hashoni mwingine mpaka wiki ipite. Kwa hiyo tulijifunza kugeuza bega na kusukuma kila mpira juu, hata ule uliokuja ukiomba kabisa kupelekwa chini. Hatukuona kama ni shida. Samaki naye, nadhani, haoni maji.

Siku bora ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Watu wazima wote wako kwenye mitaro na majembe, hakuna pikipiki hata moja inayopita, na njia yote ya udongo ni yetu mpaka saa tano. Harufu ya udongo uliofukuliwa, moshi wa makaa, na mama kabla hajatoka ametuachia chapati mbili chini ya sahani na sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilizokaangwa zikameta kama misumari mipya. Tulicheza, tukala, tukacheza. Watu wakirudi na majembe begani, Mzee Kassimu wa nyumba ya juu husimama, hutazama, na kila mwezi huuliza lilelile: "Kama mnautaka mpira, kwa nini mnautupa?"

Kisha mwalimu mmoja wa shule yetu akatuambia kwamba kuna kocha upande wa Kicukiro anakusanya timu ya wasichana ya kriketi, na Jumamosi atawajaribu watakaofika. Mama alifikiri kutwa nzima, akatoa ruhusa akiwa na sindano mdomoni: "Mnakwenda wawili, mnarudi wawili. Wakitaka, wawachukue wawili. Viatu haviuzwi kimoja."

Ilikuwa uwanja wa shule, majani yamekatwa. Tulipofika, Sauda aliutoa mpira wetu mfukoni, akauweka chini, akaondoa mkono. Mpira ukakaa. Tulisimama tukiuangalia kwa muda. Akausukuma kidogo kwa kidole cha mguu. Ukaenda kidogo, ukasimama.

"Dada," akaninong'oneza, "hapa wanacheza vipi?"

Kocha alikuwa mtu wa Jinja, mrefu, kofia pana. Alimpa Sauda mpira wa kweli, wa ngozi nyekundu. Sauda akaupapasa, akaukuta mshono, akauliza, "Huu ameushona nani?" Wasichana wakacheka. Aliyekuwa akipiga alikuwa msichana mmoja wa shule ya bweni, ana glavu, ana kinga za miguu, anatafuna bablishi. Sauda akarusha. Msichana akaacha kutafuna. Baada ya mpira wa sita kocha akanyoosha mkono.

"Sawa, toto. Leta mpira. Zamu yako iko imekwisha."

"Imekwisha vipi?" Sauda akauficha mpira mgongoni. "Yeye si bado yuko?"

"Mipira sita, halafu mwingine anarusha."

"Kwa nini sita?"

"Ndiyo sheria."

"Sheria ya nani? Mjomba hakuisema."

Uwanja mzima ulikuwa umeketi chini kwa kicheko. Mimi niliangalia viatu vyangu. Kocha alivua kofia, akajikuna, akasema, "Haya, tupa. Tuone wewe unachoka lini." Hakuchoka yeye. Mpira wa tisa ulianguka kwa mshono, ukakata kona, ukang'oa kijiti cha katikati. Sauda akaenda mwenyewe kuufuata, kwa mazoea, akampelekea kocha. "Sasa ndiyo imekwisha," akasema.

Mimi nilipiga vizuri, si kwa kujisifu. Kurusha, hapana, kiwiko changu kilijikunja, na mimi sikuwahi kujifunga rula. Kocha akatuita pembeni. Alikuwa na nafasi moja iliyobaki. "Huyu mdogo namtaka tangu jana," alisema. "Wewe mkubwa unapiga sawa kabisa, lakini unarusha kama mtu anamwaga taka." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anataja bidhaa ilivyo.

Tulirudi kwa mguu. Mama alituona mlangoni, akahesabu nyuso zetu, akajua.

"Wamemtaka Sauda," nikasema.

"Basi wamekosa wote wawili." Mguu wake haukuacha pedali. "Nilisema."

Sauda hakulia. Alikwenda kukaa nyuma ya nyumba na jerikeni lake. Ndipo nikaingia kwenye biashara ya kwanza ya maisha yangu, nikiwa na umri wa kuvaa soksi zisizolingana. Nilivuta kigoda mbele ya cherehani.

"Mama, unaogopa kazi zitalala, au unaogopa njia?"

"Naogopa vyote. Nani kakwambia nichague?"

"Kazi zake za Jumamosi nazichukua mimi. Maji, pasi, matundu ya vifungo."

"Matundu yako yamepinda."

"Yatanyooka. Na njia, asubuhi nampeleka mpaka Nyabugogo apande basi, jioni nampokea palepale."

"Adhuhuri?"

"Ataswali huko. Nimeuliza, kuna bomba la maji."

"Na akivunjika goti?"

"Goti ni lake, Mama. Hilo siwezi kumbebea."

Mama alicheka, akakata uzi kwa meno. Nilijua nimeshinda. Mpaka leo wateja wangu hawaniwezi, na wote wanadhani nilijifunzia sokoni. Nilijifunzia pale, siku niliyopigania bei kwa nguvu zangu zote na kumtoa mwenzangu wa pekee wa kucheza. Jioni tukikunja mkeka, Sauda akaniuliza, "Na wewe utacheza na nani?"

"Na Mama," nikamwambia.

Alinitazama, akatazama alipo Mama, mwanamke aliyekuwa hata akirusha kitambaa kwenye kapu anakosa. Tulicheka mpaka tukafukuzwa nje.

Sikucheza na mtu. Kriketi ni mchezo mbaya kwa mtu aliye peke yake. Mpira wa miguu unaweza kuupiga danadana, hata kamba utairuka. Lakini kibao bila mrushaji ni ubao tu. Jumamosi zilizofuata nilikuwa ndani natoboa matundu ya vifungo, dirisha liko wazi, na njia yote ile iko tupu.

Yaliyobaki ya Sauda niliyapata kwa simu. Alivaa jezi ya nchi. Akaenda mashindano huku na kule, na mahali fulani akaonwa na watu wa klabu ya mji mmoja mdogo wa baridi, wakampa mkataba: Jumamosi acheze, siku nyingine afundishe watoto wa shule. Msimu ukiisha kaskazini, anapata klabu nyingine kusini. Akawa anafuata kiangazi kama ndege, hapa miezi mitano, pale miezi mitano. Alipanga chumba kwa wazee wawili waliokula chakula cha jioni saa kumi na moja na ambao hawakuwahi kumwambia mtu aongeze chakula.

Alipiga simu kila Jumapili.

"Huko kuna nini?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Nyasi."

"Na watu?"

"Wapo. Wanakwambia habari ya mvua, halafu wanaondoka."

Huku nami nilikuwa nimeolewa, nikazaa wawili. Mume wangu akaenda Goma kutafuta biashara, akaipata, pamoja na mke. Mama akafariki, Mungu amrehemu, Sauda akiwa katikati ya msimu. Alifika siku ya tatu, akarudi siku ya saba. Watoto wangu wakaenda bweni. Nikabaki na duka la vifungo kwenye chumba kilekile cha cherehani, katikati ya mafundi cherehani wanaojua majina ya wachezaji wa mpira wa miguu wa Ulaya mpaka wa akiba, na hakuna hata mmoja wa kumwambia kwamba mdogo wangu jana ametoa wapigaji watano. Niliwahi kujaribu. Fundi Isa, jirani yangu wa meza ya mbele, alisikiliza kwa adabu, akauliza, "Kwa hiyo ni magoli mangapi?" Nikamwambia mawili. Akafurahi.

Ni upweke wa namna yake, kuujua vizuri mchezo ambao hakuna anayeucheza karibu nawe. Mtu aliyefiwa anapata wa kumpa pole. Mimi ningemwambia nani anipe pole kwa sababu gani?

Msimu wa tatu warushaji wa kule waligundua siri yake. Walikuwa wanajaza watu wote upande mmoja wa uwanja na kuacha upande mwingine wazi kama shamba lililovunwa, na Sauda hapeleki hata mpira mmoja huko. Kocha wake akakaa naye, akamuuliza kuna nini upande ule.

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia kuna ruhurura."

"Akasema nini?"

"Ameandika."

Ilimchukua msimu mzima kujifundisha upya. Anarushiwa mipira asubuhi peke yake, na kila mpira bega linageuka lenyewe kuelekea mlimani. Kisha Jumapili moja alipiga simu, sauti imepanda: "Dada, leo nimepiga upande wa bondeni!"

"Nani ameufuata?"

"Hakuna. Umeangukia kwenye magari. Wametoa mwingine."

"Mwingine? Kwani wanayo mingapi?"

"Kisanduku kizima, Dada."

Nilikaa na kisanduku hicho kichwani wiki nzima. Wateja walikuwa wananiuliza zipu nyeusi nawapa za kijani.

Bega ndilo lililomaliza. Daktari alimwambia achague: arushe mwaka mmoja zaidi, au uzeeni aweze kuinua mkono na kuchana nywele. Akarusha miwili. Baadaye akabaki mpigaji tu, kisha mpigaji wa kuitwa wenzake wakiumwa, kisha wakamwita ukumbini, wakapiga makofi, wakampa saa kubwa ya ukutani. Mtu ambaye hajawahi kuwa na ukuta.

Basi akaja, Julai, vumbi likiwa limetanda. Nilimpokea uwanja wa ndege, Kanombe. Ana begi moja, na ile saa ameifunga kwa taulo. Bega lake la kulia liko chini kidogo kuliko la kushoto, kama nguo iliyotundikwa vibaya. Nilimwonyesha chumba cha nyuma, ukuta wa rangi ya maziwa, pazia jipya, msumari nimeshaugongelea. Akasema, "Kizuri, Dada." Hakuitundika saa.

Wiki hiyo wenye uwanja mpya wa kriketi wa kule Gahanga walimwalika, na tukaenda wote. Nyasi kama zulia la msikitini. Wasichana wana kofia za chuma, mikoba yenye magurudumu, chupa za maji zenye majina. Walimheshimu, wakamwita Tanti, yaani shangazi. Mmoja alipiga mpira mzuri kabisa, akatoka uwanjani kwenda kujitazama kwenye simu akiupiga mpira huo. Mpira wenyewe uliletwa na mfanyakazi. Mwingine alinilalamikia kwamba nyasi za upande wa kaskazini zina mteremko. Nilimuuliza mteremko uko wapi, akanionyesha, nikainama, nikainama tena. Sikuuona.

Wakubwa wa pale walimwomba Sauda abaki awafundishe. Walisema mbele yangu. Tuliporudi nikapika chai ya tangawizi, nikakaanga sambaza, nikamwacha ale kwanza, maana mtu mwenye njaa hakubali chochote.

"Utawajibu nini?" nikauliza.

Alizungusha kikombe. "Kule nako wamenipa kazi, Dada. Watoto wa shule tatu. Mkataba uko tayari."

"Na hapa si umepewa?"

"Hapa wana makocha wenye vyeti." Akaweka kikombe chini. "Jana nilishuka mpaka kwa Mama Zuberi. Pana duka la simu. Kijana akaniuliza nataka salio la ngapi. Nimezunguka mtaa wote. Mlango ninaoujua ni wako tu."

"Mmoja haukutoshi?"

"Wewe unashinda dukani. Mimi ningekuwa nakaa humu nasubiri ufunge. Kule, asubuhi kuna watoto wanangoja niwarushie, hata kwa mkono wa kushoto."

Alichosema kilikuwa kweli. Ndiyo maana sikubishana nacho. Nilifanya ninachokijua.

"Kaa miaka miwili."

"Dada."

"Mmoja."

"Usinifanye mteja."

"Miezi tisa. Rangi yenyewe haijakauka."

"Nimeisikia harufu. Nzuri."

"Mpaka Ramadhani basi. Tufunge wote, tufungue wote. Halafu uende."

"Shule zinafunguliwa kabla." Alisema polepole, kama anayemrudishia mtu kitu mkononi.

Nikatafuta pa kushuka zaidi, sikupaona. Fundi Isa alikuwa amewasha redio mbele, wanatangaza mechi, anashangilia peke yake.

"Wiki moja," Sauda akasema. "Nitabadilisha tiketi. Nitaongeza wiki moja."

Tangu nianze kuuza sijawahi kukubali bei ya kwanza ya mtu yeyote, awe mtawa, awe polisi. Nikasema, "Sawa."

Wiki hiyo hatukufanya jambo la maana. Alikaa nami dukani. Alinisaidia kupanga vifungo, akivirusha kwa mkono wa kushoto kwenye makopo ya ukutani, cha shati huku, cha koti kule, bila kukosa, mafundi wameacha cherehani wanatazama. Fundi Isa aliuliza kama huyu ndiye yule wa magoli mawili. Siku ya safari aliitoa ile saa kwenye taulo na kuitundika kwenye msumari wangu, akasema itamchukulia nafasi kwenye begi. Nilimsindikiza mpaka mlango ambao wasindikizaji hawapiti.

Sasa Jumamosi mchana shule moja ya wale watoto wake huonyesha mechi kwenye mtandao. Nadhani simu wameiegemeza kwenye chupa, maana picha imelala upande. Watoto wanaonekana wadogo kama punje za mchele. Sauda husimama pembezoni, nje ya picha, na mara moja moja, akisogea kumwelekeza mtu, huingia kofia yake, nusu, halafu hutoka. Wateja wanasubiri. Siku hizi kuna nyasi, kuna makamera, kuna mtandao unaokufikisha kote duniani ukiwa umekaa kwenye kigoda, na vijana wananiambia hakuna tena umbali. Labda. Enzi zetu hatukuwa na lolote kati ya hayo, na nilikuwa namwona mdogo wangu mzima, kuanzia nywele mpaka vidole vyenye vumbi, akija mbio kutoka juu ya mlima, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumrushia ila mimi.